Wasimamizi wa Norway, bendera ya Marshall, kizuizini Nigeria

Wadau, hasa nyie mnaosubiri ajira za melini, hii someni mpaka mwisho.

Agosti 2022 meli kubwa ya mafuta, Heroic Idun, ilifika Akpo, kwenye visima vya baharini vya Nigeria, ili ipakie mafuta ghafi. Ikaambiwa isubiri. Usiku ikafuatwa na chombo ambacho mabaharia hawakukitambua, wakadhani maharamia, wakatoa taarifa na kutimua mbio. Kumbe wanajeshi wa majini wa Nigeria! Siku chache baadaye wakakamatwa na Equatorial Guinea. Faini ya kama dola milioni 2 ikalipwa. Mnadhani yakaisha? Wapi! Novemba wakakabidhiwa Nigeria.

Walikuwa 26: Wahindi 16, Wasri Lanka 8, Mfilipino 1 na Mpolandi 1. Kampuni iliyosimamia meli ilikuwa ya Norway, bendera ni ya Visiwa vya Marshall. Sasa hapo nani aende kuwagombania? India ikatuma maafisa wa ubalozi kuwaona na kuzungumza na serikali zote mbili. Visiwa vya Marshall vikaenda kushtaki mahakama ya bahari kule Hamburg, maana kwa sheria ya bahari ya 1982, meli ikiwa kwenye bahari kuu wa kuihukumu ni nchi ya bendera yake.

Tusiwaonee Wanigeria, wanaibiwa mafuta kweli. Ila sheria yao ya 2019, iliyotungwa kubana maharamia, ndo hiyo ikawageukia mabaharia, ati walidanganya kwamba wamevamiwa na maharamia. Hapo ndo mie nashindwa. Mwaka 2020 mabaharia 135 walitekwa duniani, na 130 kati yao ni hukohuko Ghuba ya Guinea. Ungekuwa wewe, usiku wa manane, ungesimama uulize kitambulisho?

Baadaye yakafanyika makubaliano, meli ikakiri kosa, pesa zikalipwa, na Mei 2023 jamaa wakaachiwa. Miezi tisa hivi imepotea.

Na sisi je? Zanzibar inasajili meli za kigeni, na 2012 tuliumbuka kwa zile za mafuta za Iran zilizokutwa na bendera ya Tanzania. Mfilipino aliye kwenye meli yenye bendera yetu akitiwa ndani kesho huko ughaibuni, balozi wetu atakwenda? Au mpaka mwenye meli alipe kwanza? Mwageni maoni hapo chini, hasa mliowahi kusafiri.