Akili nyingi si kinga



Mimi ni muuguzi katikati ya jiji la Durban, si mbali na ukumbi wa ICC ulikofanyika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, Julai 2000. Kuelekea mkutano ule, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban kusisitiza kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI. Walifanya hivyo kwa sababu Rais Thabo Mbeki alikuwa akilitilia shaka jambo hilo.

Wapo wanaosema Mbeki hakuwa na akili. Sikubaliani nao. Katika hotuba yake ya Fort Hare, 2001, alilalamikia wanaomwona Mwafrika kuwa mzinzi na mbeba vijidudu. Kidonda hicho ni cha kweli. Lakini kidonda kikishika usukani, hata msomi huchagua ushahidi wa kumliwaza. Ilibidi Mahakama ya Katiba, Julai 2002, iiamuru serikali kutoa nevirapine kwa kina mama wajawazito. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba ucheleweshaji wa dawa uligharimu maisha zaidi ya 330,000.

Tusimcheke peke yake. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, na wengi tukaishangilia kwa kuwa ni ya kwetu. Ilipopimwa Uganda, mgonjwa na daktari wote wasijue nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu, haikuonyesha faida. Na Wazungu je? Mwaka 2001 mkuu wa USAID, Andrew Natsios, alidai Waafrika wengi hawajui saa, hivyo hawawezi kumeza ARV kwa wakati. Utafiti wa 2006 ulionyesha Waafrika wanafuata dozi vizuri, hata kuwazidi wagonjwa wa Amerika Kaskazini.

Mmoja alikataa kwa uchungu, wengine tukakubali kwa fahari, mwingine akadharau kwa mazoea. Wote waliamini wanafuata hoja. Nyani haoni kundule.

Leo nawahudumia vijana waliozaliwa na virusi miaka ile, na baadhi yao hawakuwahi kuwajua mama zao. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu chanjo, mitishamba au takwimu za serikali, kila mmoja ajiulize: je, ushahidi huu huu ungenipinga, ningeukubali? Asiyeweza kujibu ndiyo, bado hajaanza kujadili sayansi.

Nawasilisha.