Tujaribu Kifaa Kwanza, Ndipo Tulipe

Risiti yangu ina muhuri wa wino mwekundu unaosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipewa katika duka moja la vifaa karibu na River Road, siku niliponunua pakiti ya patasi sita kwa shilingi 900. Zilikuwa na vipini vya plastiki ya manjano, na chuma kiling'aa kama kioo.

Mimi ni mwalimu. Useremala ni kazi yangu ya Jumamosi, nyuma ya nyumba hapa Riruta. Nilianza kuchonga shimo la mguu wa stuli kwenye ubao wa saiprasi, mbao laini kabisa. Nyundo ya tano haijatua vizuri, makali yalikuwa yamekunjika kama bati.

Nilizipeleka kwa mzee mmoja anayeunda vitanda kando ya Ngong Road, karibu na Dagoretti Corner. Hakuuliza bei. Alitwaa tupa kuukuu akaipitisha taratibu kwenye makali ya patasi yangu. Tupa iliuma, ikaacha unga wa chuma kidoleni mwake. Kisha akaipitisha kwenye patasi yake mwenyewe, iliyofuliwa Gikomba kutokana na springi ya lori. Hapo tupa iliteleza tu, kwa mlio mwembamba.

"Mwalimu, umesikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Chuma kilichokomaa huikataa tupa. Chuma laini huliwa nayo. Mzee akaamua tuzipike upya. Tulizitoa vipini, tukaziweka kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu na sumaku ikakataa kuzishika, kisha tukazitumbukiza kwenye oili. Mbili zilikuwa ngumu, tukazipasha tena polepole mpaka zikapata rangi ya nyasi kavu ili zisivunjike. Nazitumia hadi leo. Nne zilibaki laini vilevile, kwa sababu chuma chake hakikuwa na kaboni ya kutosha, na moto hauongezi kisichokuwamo.

Pakiti moja, chuma cha aina mbili. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila kifaa cha bei nafuu kutoka China ni takataka. Jiliwa langu nililinunua kwa shilingi 1,500, nalo limenishikia mbao kwa miaka sita bila kulegea. Mtu anayefanya kazi ya mikono mara mbili kwa mwezi hana haja ya patasi ya Ujerumani. Ana haja ya kujua ni ipi kati ya hizi sita iliyo nzima, na hilo halionekani kwa rangi, kwa boksi wala kwa maneno ya muuzaji.

Huonekana kwa kujaribu, na majaribio yenyewe ni ya dakika moja. Skwea, iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, uchore tena palepale. Mistari ikiachana, irudishe rafuni. Pimamaji, igeuze kichwa kwa mkia: kiputo kisipotulia mahali palepale, inadanganya. Tepu nayo huonewa bure. Watu huikataa kwa sababu kile kindoano cha mwanzoni kinachezacheza, kumbe kimeachwa hivyo makusudi. Husogea kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane.

Kwenye grinda sina huruma. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa kasi ya mwisho ya mizunguko 13,300 kwa dakika, na pete yake ya chuma hubeba mwezi na mwaka wa kuisha muda. Diski isiyo na maandishi hayo siinunui hata kwa shilingi 50, kwa sababu ikipasuka huelekea usoni.

Najua wapo watakaoniambia nitafute stika ya shirika la viwango, KEBS. Naitafuta. Tangu 2005 shirika hilo limekuwa na mpango wa kukaguliwa kwa bidhaa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini mkaguzi hawezi kupitisha tupa kwenye kila patasi ya kila kontena. Jaribio la mwisho ni la mnunuzi, nalo hufanyika dukani au halifanyiki kabisa.

Ninachokipinga ni duka linalokataza kufungua pakiti kabla ya malipo, kisha likapiga muhuri wa kutorudisha baada ya malipo. Mtu atajaribu lini? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Muhuri wa wino hauwezi kuifuta haki hiyo.

Siku hizi nanunua Kirinyaga Road kwa kijana mmoja anayeweka tupa, kipande cha mbao na soketi yenye umeme juu ya kaunta. Bei zake zinazidi za jirani kwa shilingi 50 au 100, nami nazilipa kwa furaha. Ndugu wauzaji wa mjini, wekeni hivyo vitu vitatu kaunta kwenu. Nawe msomaji, Jumamosi hii ukienda kununua patasi, beba tupa yako.