Mguu Huugua, Lugha Huuguza

Nilipovunjika kifundo cha mguu, nilifungwa plasta majuma 6. Siku ya kuiondoa, mzee niliyeketi naye alipewa maagizo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Akayakunja, akayatia mfukoni. Aliamini kwamba plasta ikitoka, mguu umepona. Kumbe misuli imenywea, kiungo kimekakamaa, na uzito hurudishwa kidogo kidogo, kwa mazoezi. Mwezi uliofuata nilimkuta akichechemea kunishinda.

Kiswahili hakikosi maneno. Chatofautisha kuteguka na kuvunjika, kugusisha mguu chini na kuukanyagia. Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, kuyatafsiri maagizo yale ni kazi yetu. Kumnyima mgonjwa maelezo kwa lugha aijuayo ni kumfungua plasta na kumfunga macho.