Tuko Upande wa Wale 50,000

Jumamosi iliyopita mkutano wetu haukuisha vizuri. Tulikuwa tumepatana kuangalia kitu, kula chapati, halafu kila mtu arudi kwake kabla ya giza. Badala yake tulibishana mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Kilichotugombanisha ni meli. Titanic. Siyo ile filamu ya Jack na Rose ambayo kila mtu hapa Kampala ameiona mara kumi, ni episodi moja ya Supernatural, ile tamthilia ya ndugu wawili, Sam na Dean, wanaozunguka Marekani na gari lao jeusi wakiwinda mashetani.

Kwa wasioijua, ilianza 2005 ikaisha 2020, episodi 327. Sisi hatukuangalia zote, bando la kuangalia zote nani analo? Tulipewa msimu wa sita kwenye flashi. Na kwa kuwa Kiingereza bado kinatupiga chenga wengine wetu, mwenzetu mmoja alisimama mbele akawa VJ wetu. Wa Kampala mnajua VJ ni nani: yule anayekaa na maikrofoni kwenye kibanda cha video anatafsiri filamu kwa Kiluganda na kutia utani wake, hata mhusika akinyamaza yeye anaendelea kusema. Wetu alitafsiri kwa Kiswahili cha Bukavu, basi Dean akawa anaongea kama mtu wa Kadutu. Mwanzoni tulicheka sana.

Episodi yenyewe ni ya 17, ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 15 Aprili 2011. Titanic ilizama tarehe hiyohiyo mwaka 1912 na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Ila kwenye episodi hii haikuzama. Watu wanaanza kufa kwa ajali za ajabu, mmoja baada ya mwingine, na kila palipo na maiti kuna uzi wa dhahabu. Sam na Dean wanachunguza, wanakuta wote ni wajukuu na vitukuu vya abiria wa meli moja iliyofika Marekani mwaka 1912. Jina la meli: Titanic. Na wao hawaijui! Kweli, meli iliyofika salama nani anaikumbuka?

Kumbe malaika mmoja, Balthazar, alirudi nyuma akaiokoa. Akiulizwa kwa nini, anajibu eti aliichukia ile filamu na wimbo wa Celine Dion. Hapo VJ wetu alishindwa kuendelea, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ukweli unakuja baadaye. Kwa sababu meli haikuzama, watu 50,000 wamezaliwa ambao hawakuwa kwenye mpango. Aliyeagiza ni malaika mwingine, Castiel, rafiki wa hao ndugu, sababu yuko na vita yake mbinguni na anahitaji roho nyingi za kumpa nguvu. Na anayewaua ni Atropos, mungu wa ajali za binadamu, dada wa miwani anayefanana kabisa na karani wa ofisi. Mpango wake umeharibika, anataka kuusafisha, mtu mmojammoja, mpaka wote 50,000 waishe.

Mwisho anatishia kuwaua Sam na Dean. Castiel anakubali kushindwa, meli inazamishwa tena. Wale 50,000 wanapotea kama hawajawahi kuwepo. Ellen, mama aliyekuwa amekufa kwenye maisha ya kwanza na hapa yuko hai ameolewa na Bobby, anarudi kuwa marehemu. Ndugu wawili wanaamka ndani ya gari lao jeusi la siku zote. Mambo yamerudi sawa.

Mashabiki wengi wa Supernatural wanaipenda hii, wanaiona ni ya kuchekesha, na wanaona mwisho wake ni wa haki: kilichoandikwa kimeandikwa. Hata kwetu nusu ya chumba ilisema hivyo. Mwingine akaleta Mungu, mwingine akasema wakati ni kama mto Ruzizi, haurudi juu.

Ndipo kaka mmoja wa kwetu, aliyekulia Kyangwali, akasema yeye angemwomba huyo Balthazar aje Ziwa Albert.

Chumba kikanyamaza. Wageni kwenye kundi hili labda hamjui. Tarehe 22 Machi 2014 boti ilipinduka Ziwa Albert. Ilikuwa imejaa wakimbizi Wakongo waliotoka Kyangwali, waliokuwa wameamua kurudi nyumbani kwa hiari yao. Walikufa zaidi ya watu 200, watoto wengi wakiwemo. Hiyo haina filamu wala wimbo. Mwenzetu huyu alimpoteza shangazi yake na watoto wa shangazi mle. Akasema: kama malaika anaweza kuinua meli ya watu wa 1912, ainue na hiyo boti. Halafu akiwa hapohapo arudishe na vita nyuma, isiwepo, hata hiyo Kyangwali tusiijue.

Dada mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto wake amelala mapajani. Yeye ni wa Uvira, baba wa mtoto ni wa Rutshuru. Walionana hapa Kampala, kwenye foleni ya kujiandikisha Old Kampala, wote wawili hawajala tangu asubuhi. Akasema, "Vita isipokuwepo, miye na baba yake tungeonana wapi? Weye unataka bako barudie. Miye nataka wangu abakie." Kaka akajibu kwa hasira kwamba hakuna anayemtaka mtoto apotee. Dada akasema lakini ndicho ulichoomba.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Tumezungumza tena wiki nzima, kwa simu na kwa kukutana njiani, na tunaandika haya kama kundi. Hatuwezi kumwambia mwenzetu asiombe boti yake iinuke. Nani atamwambia hivyo? Na hatuwezi kumwambia dada mtoto wake ni faida ya vita, hilo neno tu linachoma mdomo. Lakini kuhusu episodi yenyewe tumefika mahali pamoja: tuko upande wa wale 50,000, na tunaona Sam na Dean walikosa.

Sababu ni hii. Angalia tena, utaona hakuna hata mmoja kati yao anayeulizwa. Wanatokea ili wafe kwa mitambo na magari, tunacheka, tunaendelea. Karani wa miwani anawaona ni makosa kwenye daftari. Castiel, ambaye ndiye aliyewaokoa, naye anawahesabu tu, 50,000 ya roho kwa kazi yake. Mmoja anataka wapungue, mwingine anataka waongezeke, na wote wawili wana namba, hakuna aliye na jina. Kuokolewa na mtu anayetaka hesabu yako ni bora kuliko kuuawa, hilo hatukatai. Lakini tazama ilivyokuwa rahisi kwa Castiel kuwaacha siku bei ilipopanda.

Sisi tunaijua hali ya kuwa mtu asiyekuwa kwenye mpango. Kila mwenye kuishi Kampala na karatasi ya ukimbizi ameshaulizwa na mwenye duka, na bodaboda, na jirani: ninyi mtarudi lini kwenu? Mara nyingi hawaulizi kwa ubaya. Ila swali lina maana kwamba kuna mahali sahihi pa wewe kuwa, na siyo hapa, na siku mambo yakirudi sawa wewe hutaonekana.

Sasa tugeukie kwa ndugu zetu wa mashirika, sababu tunajua mnasoma. Kuna zoezi mnalipenda kwenye semina za vijana na watoto. Mnagawa karatasi na kalamu za rangi, mnasema: chora maisha yako kama vita isingetokea. Tumelifanya sisi wenyewe, na baadaye kama wasaidizi wa kujitolea tumelifanyisha wengine. Kwa mtu aliyekimbia akiwa na miaka kumi na tano linaweza kusaidia, anachora nyumba yake, anachora mwembe, analia, anapumzika kidogo. Lakini mara moja tulimpa karatasi kijana wa miaka tisa aliyezaliwa Nakivale. Akakaa nayo muda mrefu. Halafu akauliza, "Na mimi nachora niko wapi?" Wazazi wake walikutana Nakivale. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia chora chochote, akachora gari.

Hatuandiki kulaumu. Siku ile ni sisi tuliokuwa tumeshika kalamu. Na sisi ndio tuliojaza fomu jioni: waliohudhuria 46. Tukiulizwa leo majina ya hao 46 tungetaja labda 20. Lile zoezi tunaomba lisifanyike tena kwa watoto waliozaliwa huku. Waulizwe kingine. Waulizwe nani aliwafundisha kuendesha baiskeli, au chapati za nani ni tamu pale sokoni, au wao wangemwambia nini yule dada wa miwani akija na daftari lake.

Mmoja wetu anapinga bado, na tumekubali kuandika neno lake. Anasema tunaipa tamthilia uzito ambao haina, kwamba walioiandika walitaka tu kucheka na Titanic, na kwamba mtu aliyefiwa ana haki ya kuota kila usiku bila kuulizwa nani atapotea kwenye ndoto yake. Labda. Lakini yeye pia alibaki mpaka mwenye nyumba alipogonga.

Tulipotoka ilikuwa saa mbili usiku na mvua inataka kuanza. Yule kaka wa Kyangwali alimbeba mtoto wa dada, bado amelala, mpaka kwenye stendi ya boda. Hawakuongea njiani, walikuwa bado wamenuniana. Alimkabidhi mtoto, akamlipia boda, akaenda zake.

Jumamosi ijayo VJ wetu anataka tuangalie ile ya jini, ya msimu wa pili, ambapo Dean anaamka kwenye maisha ambayo mama yake hakufa. Tumeshaanza kuogopa. Saa nane kamili mchana, palepale, na kila mtu alete shilingi 1,000 ya chapati.