Treni Inapozeeka, Nani Hupanga Siku ya Kuistaafisha?

Na Mwandishi Wetu

Tangu treni za umeme za Reli ya Kisasa (SGR) zianze kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mazungumzo ya wananchi kuhusu usafiri wa reli yamejikita katika kupokea: vichwa vipya, mabehewa mapya, stesheni mpya. Upande wa pili wa hesabu hiyo huzungumzwa kwa nadra. Kila treni inayopokelewa kwa shangwe ina siku yake ya kuondolewa katika huduma, na siku hiyo isipopangwa na watu hupangwa na kutu na ukosefu wa vipuri. Nchi iliyowahi kulipitia jambo hilo kwa uchungu, na kwa uwazi mkubwa wa nyaraka, ni Uingereza, ilipozistaafisha treni za mikoani zilizojulikana kwa jina la Pacer.

Treni hizo zilizaliwa na uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Reli la Uingereza, British Rail, lilikuwa na treni za dizeli za miaka ya 1950 zilizochakaa, zikihudumu katika njia ndogo za mikoani ambazo mapato yake hayakufidia gharama. Fedha za umma zilikuwa finyu. Jawabu la wahandisi lilikuwa kuchukua umbo la basi la Leyland National na kulipachika juu ya fremu iliyotokana na utafiti wa mabehewa ya mizigo. Kila behewa lilikuwa na ekseli mbili tu, wakati behewa la kawaida la abiria huwa na ekseli nne, zilizogawanywa katika fremu ndogo mbili zinazogeuka kuifuata kona. Matokeo yake yalisikika kabla ya kuonekana: kwenye kona kali magurudumu yalipiga kelele ya kukereketa, na kwenye viungio vya reli behewa zima liliruka. Abiria walizibandika jina la punda anayetikisa kichwa.

Hata hivyo, haki itendeke kwa waliozibuni. Bila treni hizo za bei nafuu, njia nyingi za kaskazini mwa Uingereza, Wales na kusini magharibi zingeweza kufungwa kabisa, na miji midogo ingebaki na kumbukumbu ya stesheni. Kama suluhisho la muda, Pacer ilikuwa kazi nzuri. Tatizo lilikuwa katika neno “muda”.

Zilitengenezwa treni zaidi ya 160 hadi kufikia mwaka 1987, zikikusudiwa kudumu kwa muda usiozidi miaka 20. Kwa hesabu hiyo, ya mwisho ilipaswa kuondoka mwaka 2007. Haikuondoka. Katikati ya miaka ya 1990 reli ya Uingereza ilibinafsishwa, na umiliki ukagawanyika: kampuni moja ilimiliki treni na kuzikodisha, nyingine iliziendesha kwa mkataba, nayo serikali ililipa ruzuku na kuamua masharti ya mkataba. Katika mgawanyo huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuianza gharama ya kununua treni mpya. Mmiliki aliendelea kupokea kodi ya pango, mwendeshaji alijua mkataba wake ungekwisha kabla treni mpya hazijarudisha fedha zake, na serikali ilikwepa ongezeko la ruzuku. Mkataba wa uendeshaji wa mikoa ya kaskazini uliotolewa mwaka 2004 uliandaliwa kwa dhana kwamba abiria hawataongezeka. Abiria waliongezeka, nao wakajazana katika mabehewa yaleyale.

Mwaka 2015 suala hilo lilifika mezani kwa Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Patrick McLoughlin. Katibu Mkuu wa wizara, Philip Rutnam, alimshauri kwa maandishi kwamba sharti la kuziondoa Pacer zote halikidhi kipimo cha thamani ya fedha za umma. Kwa taratibu za Uingereza, waziri akitaka kwenda kinyume na ushauri wa namna hiyo ni lazima atoe agizo la maandishi, na agizo hilo huwekwa wazi. McLoughlin aliliandika. Zabuni ya mkataba mpya ikatoka ikiwa na sharti kwamba Pacer ziondolewe.

Ni rahisi kumcheka mtendaji yule, lakini kwa hesabu aliyopewa kuifanya hakukosea. Kipimo chake kilipima muda unaookolewa safarini, nauli inayokusanywa na gharama ya kila kiti. Treni mpya katika njia ileile, ikisimama stesheni zilezile, haiokoi dakika nyingi. Kipimo hicho hakina mahali pazuri pa kumwandika mama aliyeacha kupanda treni, wala kijana aliyekataa kazi ya mji wa jirani kwa sababu ya safari yenyewe. Kwa maoni ya mwandishi, agizo la waziri lilikuwa sahihi, na usahihi wake uko hasa katika kulazimika kuliandika na kulitia sahihi, ili mwananchi ajue ni nani aliyeamua na kwa sababu gani.

Lakini hata agizo hilo lisingeweza peke yake. Kilichoifunga siku ya mwisho ni sheria iliyohusu kundi ambalo halikuwa na sauti katika mikataba ile. Kanuni za Uingereza za usafiri wa reli kwa watu wenye ulemavu zilielekeza kwamba kuanzia Januari 1, 2020, treni zote za abiria zifikie viwango vya kuwahudumia: nafasi ya kiti mwendo, milango inayofaa, choo kinachofikika, na matangazo ya kuonekana na kusikika. Pacer, pamoja na ngazi zake na milango yake ya basi, haikuvifikia viwango hivyo bila marekebisho makubwa. Tarehe ilikuwa imetangazwa miaka mingi kabla. Kila mmiliki na mwendeshaji aliijua.

Na bado ilivukwa. Treni mpya zilizoagizwa kutoka kampuni ya CAF ya Uhispania zilianza kazi Julai 2019, zikiwa zimechelewa, na baadhi ya njia zilichelewa kuwekewa umeme. Serikali ikalazimika kutoa ruhusa ya muda, na Pacer ya mwisho ya kaskazini ilisafiri Novemba 27, 2020. Wales walizitumia hadi katikati ya mwaka 2021. Chache zilipewa maisha mapya: shule moja ya msingi mjini Bradford ilichaguliwa kupewa behewa la kugeuza maabara ya sayansi, na hospitali ya Airedale ikapangiwa la kuwapumzisha wagonjwa na ndugu zao.

Huku kwetu Afrika Mashariki, kustaafu kwa treni ya mbali kunaweza kuwa mwanzo wa safari yetu. Novemba 2020, mwezi uleule wa kuagwa kwa Pacer, Nairobi ilizindua huduma ya treni za dizeli za mjini zilizonunuliwa zikiwa zimetumika kisiwani Mallorca, Uhispania, ambako njia zilikuwa zimewekewa umeme. Seti 11 zilinunuliwa. Ununuzi huo ulikuwa na mantiki ya kiufundi: reli ya Mallorca ina upana wa mita moja, sawa na reli ya zamani ya Kenya, hivyo magurudumu hayakuhitaji kubadilishwa. Treni iliyotumika si lazima iwe treni mbovu. Inachobeba ni umri wake, na umri huo hauanzi upya bandarini Mombasa.

Hapa Tanzania, SGR haijaifuta reli ya mita moja. Abiria wa Kigoma, Mwanza, Moshi na Arusha bado wanaitegemea, wengi wakiwa na mizigo ya mazao. Mabehewa yanayowabeba ni ya rika tofauti, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo yenye wajibu wa kusimamia usalama wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo ipo, lakini treni ya zamani haiwezi kuitii kwa siku moja. Inahitaji ratiba yenye tarehe kwa kila kundi la mabehewa.

Kwa hiyo tangazo la ununuzi wa treni linapotolewa, pamoja na idadi ya mabehewa na kasi yake, mwananchi ana haki ya kutafuta mistari miwili zaidi: treni hizi zimepangiwa kutoka mwaka gani, na zinazotolewa leo zinakwenda kuhudumia wapi. Kwa abiria wa Kigoma, mstari wa pili ndio utakaomweleza kama behewa la zamani linaondoka kwenye reli au linahamishiwa kwenye njia yake.