Kichuguu au tanuru?

Kuna sentensi moja inanikera sana katika kazi yetu hii ya uandishi: "Nimeona kwa macho yangu." Mtu akishaitamka, basi, mjadala umefungwa. Mimi naona hapo ndipo ungeanza.

Chukua Ufipa. Ukisafiri kule juu, karibu na Sumbawanga, unatazama nyasi tupu, miti ya kuhesabu, na hapa na pale kilima cha udongo kilichozidi kimo cha mtu. Unasema "kichuguu" na kuendelea na safari. Jamani, vingine si vichuguu! Ni malungu, matanuru ambayo Wafipa waliyeyushia chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mengine yanafikia mita 3. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyeyachunguza miaka ya 1990, haoni udongo tu pale. Kuna matundu ya hewa chini, kuna mavi ya chuma (ndiyo, ndilo jina lake) yamezagaa pembeni.

Mwanga ulioingia machoni mwenu ni ule ule. Nani kaona?

Wengine watasema wote mmeona kitu kimoja, ila mwenzako kaongeza elimu yake baadaye. Sikubali. Picha inayoingia jichoni imepinduliwa, ina doa lisiloona kitu, na ni sehemu ndogo tu ya katikati iliyo wazi. Mengine ubongo unajazia kwa kubahatisha, kutokana na yale uliyozoea. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliliandika hilo tangu karne ya 19. Kujua hakusubiri kuona kumalize.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi kila mtu ana ukweli wake. Tanuru ni tanuru hata asipokuwepo wa kulitambua. Kubahatisha kunaweza kukosea, na kosa lake si dogo. Wangapi wakisikia tu "Sumbawanga" tayari wamemwona mchawi? Kule Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa jikoni. Waliowaua nao waliona kwa macho yao.

Malungu yenyewe mvua inayala kila mwaka. Mkulima anayeona kichuguu hana sababu ya kulikwepesha jembe, na udongo wa kichuguu, kila fundi anajua, unatoa matofali mazuri.