Anayeweka Kipandikizi Awe Tayari Kukitoa

Mwanamke anafika zahanati asubuhi na mapema, kadi yake ya uzazi wa mpango mkononi. Kipandikizi alichonacho aliwekewa miaka miwili iliyopita na timu ya huduma ya mkoba iliyofika kijijini kwa siku moja na kuondoka jioni. Tangu hapo hedhi yake haina mpangilio: mwezi mmoja damu haikatiki kwa siku kumi na tano, mwezi mwingine haionekani kabisa. Ombi lake ni moja tu, kitolewe. Majibu anayoweza kupata yanajulikana kwa kila aliyewahi kuketi kwenye benchi la kliniki. Muda wake bado. Vifaa havipo. Aliyesomea kutoa yuko likizo, arudi wiki ijayo. Aje na mumewe. Aende hospitali ya wilaya. Mchana unapofika anarejea nyumbani na kijiti chake chini ya ngozi, na nauli imekwisha.

Kisa hiki si cha mtu mmoja aliye na jina. Ni mfano wa malalamiko ambayo watafiti wa afya ya uzazi wameyaandika katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Ethiopia, na ambayo wahudumu wa Tanzania watayatambua bila kuelezwa zaidi. Mara nyingi malalamiko haya huchukuliwa kuwa kero ndogo ya uendeshaji, sawa na foleni ndefu au uhaba wa kadi. Ukweli ni kwamba yanagusa msingi wenyewe wa huduma. Njia ya uzazi wa mpango ambayo mtumiaji hawezi kuiacha anapotaka haiwezi tena kuitwa chaguo lake. Kuweka ni nusu ya huduma. Kutoa ni nusu ya pili.

Vidonge mwanamke huviacha mwenyewe kwa kutovimeza. Sindano ataiacha kwa kutorudi kliniki. Kondomu haimfungi kwa lolote. Vipandikizi na kitanzi havifanani na hizo, kwa kuwa humfanya mtumiaji amtegemee mhudumu mara mbili, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Hapo ndipo wajibu wa mhudumu unapokuwa mzito kuliko katika njia nyingine yoyote ya muda. Jadelle, yenye vijiti viwili, hutoa kinga kwa miaka 5. Implanon NXT, yenye kijiti kimoja, kwa miaka 3. Kitanzi cha shaba aina ya TCu-380A kwa miaka 10. Miaka hiyo ni kikomo cha kinga. Haikuwekwa kuwa muda ambao mwanamke amejifunga kuutimiza. Anaweza kuomba kifaa kitolewe baada ya miaka minne, miezi minne au siku nne, na kitabibu ombi hilo ni halali kila mara.

Tatizo hili lina historia inayoweza kufuatwa. Mwezi Julai 2012 serikali na wafadhili walikutana London na kuahidi kuwafikia wanawake na wasichana milioni 120 zaidi kwa huduma za uzazi wa mpango ifikapo 2020. Mwaka uliofuata, makubaliano kati ya wafadhili na watengenezaji yalishusha bei ya vipandikizi kwa nchi maskini kwa takribani nusu, kutoka kiasi cha dola 18 za Marekani hadi dola 8.50. Matokeo yake nchini yalikuwa makubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 2.3 ya wanawake walio katika ndoa wakitumia vipandikizi. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 6.7. Hayo ni mafanikio ya kweli, na wanawake wengi wamepumua kwa sababu yake. Lakini hesabu yake ya pili ilikuwa wazi tangu mwanzo. Kila kijiti kinachoingia kina siku yake ya kutoka. Aliyewekewa Jadelle mwaka 2014 alipaswa kutegemewa kliniki si zaidi ya mwaka 2019, na wengine wangefika mapema zaidi kwa sababu ya maudhi au hamu ya kupata mtoto. Malengo yaliyopangiwa kuweka yalipaswa kuambatana na mpango wa kutoa wenye uzito uleule.

Onyo lilikuwepo. Norplant, kipandikizi cha kwanza kuingia sokoni, kilikuwa na vijiti sita na kilipata kibali chake cha kwanza Finland mwaka 1983. Indonesia ilikisambaza kwa wingi kupitia mpango wake wa taifa, kisha ikabainika kwamba huduma ya kukitoa haikukua kwa kasi ileile. Bangladesh, wakati wa majaribio ya miaka ya 1980, watetezi wa afya ya wanawake walieleza jinsi baadhi ya washiriki walivyoomba vijiti vitolewe na kucheleweshwa au kukataliwa. Vijiti sita vimepungua na kuwa viwili au kimoja, na kazi ya mikono imerahisika. Kilichobaki ni tabia ya mifumo ya afya kusherehekea mwanzo na kusahau mwisho.

Ni haki pia kueleza hali ilivyo upande wa mhudumu. Kuweka Implanon NXT huchukua dakika chache, kwa kuwa kijiti huja tayari ndani ya kifaa maalumu cha kukichomeka. Kutoa ni upasuaji mdogo. Mhudumu hutafuta ncha ya kijiti kwa vidole, huchoma sindano ya ganzi chini ya ncha hiyo, hupasua ngozi kidogo, kisha hukisukuma kijiti hadi kionekane na kukishika kwa koleo. Mara nyingi kijiti huwa kimezungukwa na utando mgumu ambao lazima ufunguliwe kwa uangalifu. Kisu, koleo, dawa ya ganzi, glovu na dawa ya kusafishia ngozi havimo katika pakiti ya kipandikizi. Kituo kinapaswa kuvitafuta chenyewe. Muuguzi aliyefundishwa kuweka katika mafunzo ya siku chache, akatoa vijiti viwili vitatu tu chini ya usimamizi, ana sababu ya kuogopa. Woga huo haustahili lawama. Kinachostahili lawama ni mpango uliompeleka kazini na nusu ya ujuzi.

Sehemu nyingine ya tatizo, hata hivyo, haitokani na upungufu wa vifaa. Inatokana na hoja. Baadhi ya wahudumu huamini kwamba kutoa kijiti kabla ya muda ni kupoteza mali ya umma, au kwamba mwanamke akivumilia maudhi yatapita, au kwamba atashika mimba mara moja na kuteseka zaidi. Hoja hizi hutolewa kwa nia njema, na kila moja ina chembe ya ukweli. Kifaa kina gharama. Damu isiyo na mpangilio hupungua kwa baadhi ya watumiaji. Mimba isiyotarajiwa ni hatari ya kweli. Lakini hakuna hata moja inayompa mhudumu mamlaka ya kukataa. Fedha ya umma ilinunua kifaa ili kimhudumie mwanamke; kumlazimisha abaki nacho ili fedha isipotee ni kuigeuza huduma kichwa chini. Kuhusu maudhi, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua uzito wa damu ya wiki tatu ni yule anayeamka alfajiri kufua nguo kabla hajaenda shambani, anayeshindwa kufunga na kuswali, au anayezozana na mwenzi wake kila mwezi.

Ushauri nasaha una nafasi yake, na mstari kati ya kushauri na kuzuia si mgumu kuuona. Mhudumu anayeshauri humsikiliza mwanamke, humweleza kwamba kutokwa damu bila mpangilio ni athari inayojulikana na kwamba ipo tiba inayoweza kusaidia, humchunguza iwapo kuna dalili ya ugonjwa mwingine, kisha humwuliza anataka nini. Akisema bado anataka kijiti kitolewe, hukitoa siku hiyo. Anayezuia hutumia maneno hayohayo kumrudisha nyumbani.

Sharti la kuja na mume halina msingi wowote wa kitabibu. Mazungumzo ya wenzi wawili ni jambo jema, na mhudumu anaweza kuyahimiza. Lakini mwili ni wa mwanamke na ridhaa ni yake. Itifaki ya Maputo, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inatambua katika ibara ya 14 haki ya mwanamke kuamua kuzaa au kutozaa, idadi ya watoto na nafasi kati yao, pamoja na kuchagua njia yoyote ya kuzuia mimba. Haki ya kuchagua njia haikamiliki bila haki ya kuiacha.

Gharama ya kukataa haiishii kwenye mlango wa kliniki. Mwanamke aliyerudishwa mara tatu anaweza kulipa fedha asizokuwa nazo kwa mtu binafsi, au kwa mtu asiye na ujuzi kabisa. Wapo wanaojaribu kujitoa wenyewe kwa wembe, wakabaki na kipande ndani, kidonda chenye usaha au mshipa uliojeruhiwa. Wengine hukaa na kijiti kilichopitwa na muda wakidhani bado wanalindwa. Na wote wana dada, mashoga na majirani. Habari kwamba kijiti huingia kirahisi na hakitoki huenea haraka kuliko bango lolote la uhamasishaji, na wanaoisikia huikataa njia hiyo kabla hawajaijaribu. Anayedhani kwamba kuzuia kutoa kunalinda takwimu za uzazi wa mpango anaharibu imani ambayo takwimu hizo huitegemea.

Kinachohitajika kinajulikana. Mwaka 2016 wataalamu wa afya ya uzazi walichapisha masharti manane ya huduma bora ya kutoa vipandikizi, na kiini chake ni chepesi kueleweka: awepo mhudumu aliyefuzu, viwepo vifaa, huduma ipatikane mwanamke anapoitaka, iwe bure au ya bei anayoimudu, ajue lini na wapi pa kwenda, apokewe kwa ushauri na bila kuhukumiwa, kuwe na utaratibu wa vijiti vigumu kutoa, na takwimu zikusanywe. Kwa mazingira ya Tanzania, ambako huduma hizi katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, masharti haya yanageuka kuwa hatua zilizo ndani ya uwezo wa halmashauri. Zahanati inayoweka iwe na angalau seti moja ya vifaa vya kutoa, vilivyotakaswa na vinavyokaguliwa. Mafunzo yasimpitishe mtu kuwa amehitimu kabla hajaonyesha kwamba anaweza kutoa. Timu ya huduma ya mkoba isiondoke kijijini bila kuacha jina la kituo cha karibu kitakachowahudumia waliowekewa, na bila kuhakikisha kwamba kituo hicho kina uwezo huo kweli. Wasimamizi wanaouliza vimewekwa vingapi waulize pia wangapi waliomba kutolewa, wangapi walitolewa siku hiyohiyo, na waliorudishwa walirudishwa kwa nini. Jambo lisiloulizwa katika ukaguzi halikawii kuachwa kazini.

Vijiti visivyopapasika viwe na njia yake. Kanuni ni moja: kijiti ambacho vidole havikioni kisitafutwe kwa kisu. Mwanamke apewe rufaa yenye jina la kituo na siku, apimwe kwa altrasaundi, na kwa Implanon NXT, inayoonekana katika picha ya eksirei, apigwe picha hiyo. Kijiti kilichozama kitolewe na aliye na uzoefu wa kufanya hivyo. Rufaa ya namna hii ni sehemu ya huduma. Kumwambia tu ajaribu kwingine ni kumtelekeza.

Mwanamke naye ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kukubali kuwekewa. Nani atakitoa? Wapi? Nikikitaka kitoke kabla ya muda, itakuwaje? Mhudumu anayejibu matatu hayo bila kusita anastahili kuaminiwa. Aitunze kadi yenye aina ya kifaa na tarehe ya kuwekwa, asijaribu kujitoa mwenyewe, na ajue kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi haraka baada ya kijiti au kitanzi kutoka. Kama hataki mimba bado, anaweza kuanza njia nyingine siku hiyohiyo, hata kuwekewa kijiti kipya kupitia kidonda kilekile.

Zahanati ile ya asubuhi inaweza kuwa na mwisho tofauti. Muuguzi anamsikiliza mwanamke, anasoma kadi yake, anapapasa mkono wake, anafungua seti ya vifaa. Baada ya muda mfupi kijiti kiko kwenye bakuli, bandeji iko mkononi, na mwanamke ameelezwa njia nyingine alizonazo. Huenda asichague yoyote siku hiyo. Lakini atakapohitaji tena atarudi, na dada yake atakuja naye, kwa sababu wote wawili watakuwa wameona kwamba mlango ule hufunguka pande zote mbili.